Maji Katika Bega la Eliaichi

Mume wangu Eliaichi alikuwa mvuta mti wa ndiva yetu kwa miaka kumi na minane. Kama hujawahi kufika milimani kwetu Mhezi nitakueleza mara moja tu, maana sipendi kurudiarudia. Ndiva ni bwawa walilolichimba mababu, lina ukuta wa mawe na udongo. Usiku kijito kinalijaza, asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka mferejini kwenda mashambani, kwa zamu. Chini ya ukuta kuna tundu, na tundu limezibwa kwa mti mrefu mzito uliochongwa ncha. Kila kukicha mtu mmoja anasimama juu ya ukingo, anaushika mti kwa mkono wa kulia, anauzungusha huku anauvuta juu na kando mpaka ung'oke. Lazima awe mmoja. Wakishika wawili, watu wanasema hao wamekula njama, kwa sababu anayefungua ndiye anayejua maji ya leo ni ya nani.

Kazi hiyo alipewa mwaka themanini na mbili, mwaka mmoja kabla hajanioa. Miaka ile sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Nguo za harusi yetu zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na sukari ya chai ya wageni shangazi yangu aliipata kwa kushinda kutwa nzima kwenye foleni ya duka la kijiji. Mtu aliyekuwa na cheo chochote, hata cha kushika ufunguo wa ghala, alinenepa. Eliaichi alikuwa na maji ya vitongoji vitatu mkononi mwake na hakuongeza hata shavu. Nilikubali kuolewa naye kwa hilo, na nilijisifu nalo kila nilipopata nafasi.

Halafu mambo yakafunguliwa. Mitumba ikaja, sabuni zikajaa madukani za kila rangi, bei ya kahawa ikaanguka mpaka watu wakang'oa mibuni waliyopanda baba zao, na malori yakaanza kupanda huku kwetu kutafuta nyanya na kabichi za kupeleka Dar es Salaam. Mimi niliingia kwenye nyanya miguu yote miwili. Kila mtu aliingia. Maji ambayo zamani yalikuwa ya kupata mboga ya kula, sasa yakawa ya kusomesha watoto, na zamu ikichelewa dakika kumi watu walikuwa tayari kutoana macho.

Vuli ya mwaka tisini na tisa haikunyesha. Mwaka elfu mbili ukaanza bwawa likiwa halifiki nusu, maharage ya watu yakaungua, na mwezi wa tatu Eliaichi akaanza kulalamika bega. Alisema linauma ndani kabisa, kwa nyuma, maumivu ya kuchokonoa kama ya jino. Nikamchua kwa mafuta ya nazi na tangawizi. Maumivu yakapungua, lakini mkono ukaanza kuishiwa nguvu. Akishika mlango kuusukuma kwa nje, mkono unarudi. Siku moja namsugua mgongo, nikaona chini ya mfupa wa bega la kulia pamebonyea, shimo ambamo ungeweza kulaza yai. Upande wa kushoto pamejaa nyama, kulia hakuna kitu. Sikumwambia.

Sasa hapa ndipo uelewe ubaya wake. Sisi ni Wasabato. Mizimu na matambiko tuliyakataa tangu enzi za bibi zetu, na Jumamosi hutatukuta na jembe mkononi hata mvua inyeshe mbegu. Lakini kuna neno moja ambalo hakuna mchungaji aliyeweza kulitoa vichwani mwetu: mvuta mti akiiba maji, mkono anaovutia unakauka. Hakuna aliyewahi kuuona mkono wa namna hiyo. Na hakuna asiyejua habari zake.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano mti ulimshinda. Tulikuwa watu kama kumi tunasubiri, na zamu ilikuwa ya Shedrack, jirani yetu wa shamba la chini, ambaye maharage yake yaliungua yote mwezi wa pili. Eliaichi akavuta, akajaribu tena, mti haukuzunguka. Akabadilisha mkono, akavuta kwa kushoto, akateleza nusura aanguke majini. Shedrack akasema taratibu, kila mtu akamsikia, "Mkono wako unasema, Eliaichi."

Nilimpa za uso. Nilimwambia mume wangu hajawahi kumwibia mtu hata tone, na kwamba maharage yake yaliungua kwa uvivu wake wa kupalilia. Nilimwambia na mengine ambayo si ya kurudia mbele ya mtu unayemheshimu. Eliaichi akawa anautazama mkono wake, na mimi nikadhani ni aibu ya kushindwa na mti.

Nikamkokota hadi Same, hospitali ya wilaya. Hakutaka kwenda. Miaka hiyo ya kuchangia matibabu ulinunua mpaka glavu za daktari, lakini tulipigiwa eksirei, na tabibu akaishika kwenye mwanga akasema mifupa yote ni mizima, haoni kitu. Nikafurahi. Nikarudi mlimani nikawatangazia watu wote, sokoni, kanisani, njiani, kwamba hospitali imempima mume wangu na haikuona kitu.

Mjinga mimi. Ndani ya wiki moja habari yangu mwenyewe ilinirudia imegeuzwa kibao. Hospitali haikuona kitu, wakasema, basi huo si ugonjwa. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee Sefania, mtu mpole anayeogopa ugomvi kuliko anavyoogopa simba, alikuja nyumbani akazunguka sana na maneno kabla ya kulisema lile lililomleta. Mwezi wa tisa ungepigwa msaragambo, ile siku ya kazi ya pamoja ambapo kila nyumba inatoa mtu kuzoa tope la bwawa. Siku hiyo watu wangeamua. Na mvuta mti akiondolewa kwa wizi jina halimwachi. Watoto wake wanaitwa watoto wa mwizi wa maji, na wajukuu vilevile, hata wakihamia bwawa la Nyumba ya Mungu kuuza samaki.

"Mwache aondoke mwenyewe, mama Namkunda," mzee Sefania akaniambia. "Aseme amechoka."

"Hajachoka," nikasema. "Anaumwa. Na nitakuletea huo ugonjwa uushike kwa mkono wako."

Nilisema kwa hasira, lakini nilimaanisha. Nikauza mtamba wangu bila kumwuliza mtu, tukaenda Moshi kwenye hospitali kubwa. Huko tulimkuta daktari wa mifupa anaitwa Humphrey, kijana mrefu mwenye mikono baridi. Huyu hakukimbilia mashine. Alimvua Eliaichi shati akakaa nyuma yake kimya kama anasoma gazeti. Kisha akamwambia abane viwiko mbavuni, akunje mikono mbele, asukume viganja kwa nje huku yeye anazuia. Mkono wa kushoto ulimsukuma daktari. Wa kulia ulianguka kama mlango uliotoka bawaba.

"Misuli hii ya nyuma haipati amri," akasema Daktari Humphrey. "Kuna mshipa wa fahamu unaopita juu ya mfupa wa bega, unazunguka pembeni, unaingia hapa palipobonyea. Nadhani umebanwa mahali."

"Mbona eksirei haikuona?"

"Eksirei inaona mifupa, mama. Mfupa ukiwa mzima inasema mzima. Mishipa ya fahamu na nyama haiwezi kuionyesha. Kinachotakiwa ni MRI, mashine ya sumaku. Sisi hapa hatuna. Iko Nairobi."

Nilimwuliza swali moja, maana nilikuwa nimeshaumwa na mashine moja. Nilimwuliza kama na hiyo itasema haioni kitu. Akanijibu kwamba hawezi kuniahidi, ila kama kuna kitu kinachobana, ile ndiyo mashine ya kukionyesha. Nikapenda alivyonijibu. Eliaichi alisema turudi nyumbani, mkono ni wake na ameshauzoea. Nikamwambia mkono ni wake lakini jina ni langu na la watoto.

Nairobi tulifika baada ya siku moja na nusu za mabasi na fomu za mpakani. Kwenye chumba cha mashine alikuwa dada mmoja mchangamfu aliyemvua Eliaichi mkanda, saa na sarafu zote, akamwuliza mara tatu kama ana chuma chochote mwilini, mimi akaniambia nikae nje na pini zangu za nywele. Wakamlaza kwenye kitanda chembamba, wakamfunga kitu kama gamba begani, wakamsukuma ndani ya lile tundu. Nilisikia mlio kupitia ukuta, kama watu wanagongelea bati, ukanyamaza, ukaanza tena kwa namna nyingine. Karibu saa nzima. Alipotoka shati lake lilikuwa limelowa.

"Umeogopa?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nahesabu zamu," akasema. "Mashamba yote, kuanzia juu hadi chini, na siku ya kila mmoja."

Picha zilitiwa kwenye bahasha kubwa, tukarudi nazo Moshi nimezikumbatia kama mtoto. Daktari Humphrey akazibandika kwenye kisanduku cha taa. Akatuonyesha misuli iliyosinyaa, na kando yake, kwenye kona ya mfupa, doa moja jeupe linalong'aa, la mviringo, halizidi haragwe moja.

"Hiki hapa ndicho kinachobana," akasema. Alikuwa na furaha ya mtu aliyebahatisha kweli. "Mnaona kilivyo cheupe? Kwenye picha za namna hii, maji ndiyo yanayong'aa hivyo. Ni kifuko cha maji."

Eliaichi akasimama. Nilidhani anataka kuona vizuri. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Daktari," akasema, "hayo maji nayajua. Ni ya ndiva. Niliyaiba mwezi wa pili."

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Eliaichi. Na yeye, akiwa amesimama vilevile na bega lake wazi, akaeleza yote bila kuulizwa. Mara mbili, mwezi wa pili, saa kumi alfajiri, kabla mtu hajaamka, alifungua maji yakaenda shamba ambalo halikuwa na zamu. Siku zote mbili zamu ilikuwa ya Shedrack, na Shedrack alipofika alikuta bwawa limeshapungua, akaambiwa kijito kimekauka. Wiki tatu baadaye bega likaanza kuuma. Kwa hiyo alijua tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana hakutaka Same, hakutaka Moshi, hakutaka Nairobi.

Namheshimu yule kijana kwa sababu hakucheka. Alimkalisha chini, akamweleza polepole. Maji ya bwawa hayana njia ya kufika mle. Kiungo cha bega kina ute wake wenyewe, wa kulainisha, na kina ukingo unaokizunguka. Ukingo wa Eliaichi umechanika kidogo, ute unavuja, unajikusanya, na umepata mahali pabaya pa kukaa, pale mshipa unapokata kona.

"Na ukingo umechanika kwa nini?" nikauliza.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

Eliaichi akamwonyesha kwa mkono wa kushoto, anazungusha, anavuta juu na kando. Daktari akatikisa kichwa. "Kwa miaka mingapi? Kumi na minane? Basi ndiyo kazi hiyo. Si zile asubuhi mbili. Ni hizo nyingine zote."

Tukapangiwa upasuaji wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Daktari akasema kifuko kikitolewa mapema misuli hurudi, pengine si yote, na kwa miezi. Akatuandikia barua kwa Kiswahili, yenye mhuri.

Tulipotoka nje nilikaa kwenye benchi. Sikumwuliza shamba gani. Kulikuwa na shamba moja tu lililobaki kijani mwezi ule wa pili, na mwenye shamba hilo alizunguka soko zima akiwaambia wanawake wenzake kwamba kulima ni akili, si maji tu. Lori la Dar lilibeba makreti kumi na tisa. Na ni mimi niliyemwambia, jioni moja mwezi wa kwanza, tena mbele ya watoto, kwamba nimeolewa na mwenye maji na nyanya zangu zinakufa kiu. Niliona aibu kiasi kwamba masikio yaliniwaka moto. Halafu nikakasirika, maana ndivyo nilivyo, nikamwambia barua tunayo, picha tunazo, hayo mengine tutayameza.

Alitangulia kwenda kituo cha basi.

Siku ya msaragambo pembe ilipigwa mapema, watu wakatoka nyumba zote na majembe na karai. Baada ya tope mzee Sefania akatukusanya ukingoni, akaanza kuzunguka na maneno kama kawaida yake. Sikumsubiri. Nilisimama nikasoma barua yote hadi mhuri, kisha nikazitoa picha nikaziinua juu kwenye mwanga, watu wakasogea kuona lile doa. Niliwaeleza kila kitu, ukingo, ute, kona. Nilijua kusema siku hiyo. Kina mama waliguna kwa huruma, wazee wakaomba barua waishike. Nikajua tumeshinda.

Na Shedrack akapita katikati ya watu mpaka mbele yetu, tope hadi magotini. "Eliaichi, nisamehe," akasema. "Mama Namkunda, na wewe. Nilimsingizia mtu mgonjwa."

Maneno hayo niliyangoja miezi minne. Niliyangoja nikipika, nikilima, ndani ya basi la Nairobi. Yakanifikia nikakuta hayalambiki.

"Usiniombe msamaha," Eliaichi akasema. "Bega ni ugonjwa. Ila maharage yako niliyakausha mimi. Nilikuchukulia maji yako asubuhi mbili."

Mtu akauliza maji yalikwenda wapi. Eliaichi akatazama chini. Alikuwa tayari kubebeshwa kosa peke yake, hilo niliona wazi, na angelibeba mpaka kaburini bila kunitaja. Nikapiga moyo konde.

"Yalikwenda kwenye nyanya zangu," nikasema. "Nilimsema mpaka akafanya. Mimi nilikuwa sijui, lakini sikuuliza."

Shedrack hakupiga kelele. Alivua kofia akaishika. Aliposema, alisema na wote. "Mnaona tulipofika? Mama huyu ametuonyesha hapa kwamba maji hayakaushi mkono. Vizuri. Kuanzia leo kila mtu anajua anaweza kuja alfajiri akafungua, na mkono wake utabaki mzima. Nani atayalinda sasa?"

Nilikuwa nimepanda mabasi sita kwenda kubomoa ukuta wa bwawa bila kujua.

"Shedrack," Eliaichi akasema, "mimi niliamini. Niliamini kuliko ninyi nyote, na nikafungua. Kisha nikakaa miezi saba naogopa mkono wangu, sikuwahi hata siku moja kuyaonea huruma maharage yako. Hofu hiyo haikukulindia hata tone."

Walibishana mpaka jua likapanda. Kuna waliotaka tufukuzwe kabisa kwenye mfereji, na sikuwalaumu. Mwisho Shedrack ndiye aliyesema neno lililoshika. Eliaichi akatibiwe, na akipona watu watafikiri upya. Msimu huu asimame ukingoni kila asubuhi ataje kwa sauti zamu ni ya nani, kwa kuwa hakuna anayezijua kama yeye. Nyanya zangu zikose zamu msimu mzima. Na mti nivute mimi.

Mzee mmoja akasema mwanamke hajawahi kuushika mti ule. Shedrack akamwuliza, "Tumeambiwa haukaushi mkono. Huyu utamfanya nini?"

Kwa hiyo niliuvuta. Sitakudanganya, asubuhi ya kwanza nilidhani nitazimia. Mti ule una uzito wa ndama, na nilielewa bega la mume wangu kuliko alivyonielewesha daktari. Watu walikuwa wengi ukingoni, hakuna aliyenisaidia, na sikuomba. Nilizungusha, nikavuta juu na kando, ukang'oka, maji yakatoka yananguruma. Eliaichi akataja kwa sauti, "Shedrack." Nikashuka mbio nikiyafuata mferejini mpaka kwenye shamba langu, ambako miche ilikuwa na urefu wa kidole na majani yameanza kujikunja. Maji yakafika kwenye mdomo wa mfereji wangu, yakaanza kuingia. Nikachota udongo kwa mikono yote miwili, nikaziba, nikaushindilia kwa kisigino mpaka hata tone halikupita.